Vipofu wa Skyrim na Swali la Bi Mkubwa

Ukicheza Skyrim wiki moja tu, kuna sauti utaizoea mpaka uisikie ndotoni. Uko ndani ya pango, umechuchumaa, unanyata, halafu mbele yako gizani kitu kinapumua. Kinanusa. Kinakoroma kama mtu mwenye kifua kibovu anayejizuia kukohoa. Hapo kila mchezaji anajua ni nani: Falmer. Unavuta upinde, unasubiri kivuli kitokeze, unaachia mshale. Kikianguka unakipekua, unachukua visarafu viwili vitatu, unasonga mbele.

Jamaa mmoja wa Dar, jina kapuni, alifanya hivyo karibu miaka mitatu. Akiulizwa amewaua Falmer wangapi anacheka tu. Nani anahesabu?

Kwa ambao hawajawahi kuligusa gemu hili: Skyrim ilitoka tarehe 11 Novemba 2011, imetengenezwa na Bethesda Game Studios ya Marekani, na ni ya tano katika mfululizo wa The Elder Scrolls ulioanza mwaka 1994. Unakuwa mtu mwenye roho ya dragoni, unazunguka nchi ya baridi kali, unapigana, unaoa, unajenga nyumba, unaiba kabichi za watu. Lakini wale wanaokaa nalo miaka na miaka mara nyingi hawakai kwa ajili ya dragoni. Wanakaa kwa sababu ya vitabu. Ndani ya gemu kuna mamia ya vitabu kwenye rafu, mezani, hata kwenye mifuko ya maiti, na unaweza kukaa chini ukavisoma kimoja kimoja. Vingine vinapingana vyenyewe kwa vyenyewe, kama historia ya kweli ilivyo.

Jamaa alikuwa wa kundi hilo. PS3 yake aliinunua Kariakoo, ya mkono wa pili, ikaja na diski mbili: moja ya mpira na moja ya Skyrim, ile iliyokusanya na nyongeza zake zote. Washkaji walikuja kwa ajili ya mpira. Wakishaondoka, usiku, anaweka ile nyingine.

Kwenye kundi lao la WhatsApp ndiye aliyekuwa mwalimu wa ukoo. Ukimchokoza kidogo tu anakuanzia tangu mwanzo: kwamba watu wote wenye masikio marefu katika dunia ile, wanaoitwa Mer, babu zao ni wamoja, Aldmer, waliotoka nchi iliyopotea ya Aldmeris wakahamia visiwa vya Summerset. Kisha wakatawanyika. Waliobaki visiwani ndio Altmer, wale warefu wenye ngozi ya dhahabu na dharau nyingi. Walioingia misituni wakawa Bosmer. Waliomfuata nabii Veloth kuelekea mashariki wakawa Chimer, ambao baadaye walilaaniwa, ngozi ikawa ya majivu na macho mekundu, wakaitwa Dunmer. Kuna Ayleid waliotawala katikati ya bara na kuwafanya binadamu watumwa mpaka watumwa wenyewe wakainuka wakiongozwa na mwanamke, Alessia. Kuna Dwemer, mafundi wa vyuma na mvuke, waliochimba miji yao chini ya milima.

Na kaskazini, kwenye theluji, kulikuwa na Falmer. Ndiyo, hao hao unaowapiga mishale pangoni. Hawakuwa hivyo. Walikuwa watu weupe kama theluji yao, wenye uchawi wao, maandishi yao, na hekalu kubwa la kumwabudu Auri-El, mungu wa jua. Yule mmoja wao utakayekutana naye mwishoni anakwambia ustaarabu wao ulishindana na wa Altmer. Ukimwangalia anayekukoromea gizani huwezi kuamini.

Kilichowapata ni hadithi ndefu, na hapa jamaa alikuwa anaandika ujumbe mrefu mpaka wenzake wanalalamika. Kwa kifupi chake: binadamu walikuja kwa meli kutoka Atmora, wakajenga mji wao wa Saarthal. Usiku mmoja Mer wakauvamia na kuuteketeza, usiku unaokumbukwa kama Usiku wa Machozi. Akanusurika Ysgramor na wanawe wawili. Akarudi kwao, akakusanya mashujaa mia tano, akaja kulipa. Hakulipa nusu. Ukiingia leo kwenye ukumbi wa Jorrvaskr mjini Whiterun utawakuta warithi wa mashujaa hao wanakunywa na kujisifu, na gemu linakukaribisha ujiunge nao. Wachezaji wengi wanajiunga. Jamaa alijiunga siku ya pili tu.

Kuna kitabu kimoja humo ambacho wanaokipenda hawakisahau, kinasimulia vita ya mwisho kubwa ya Falmer, kisiwani Solstheim. Kiongozi wao, Mwana wa Mfalme wa Theluji, aliwafyeka mashujaa wa Nord kama majani mpaka akamuua mwanamke mmoja askari, Jofrior. Binti yake Finna, mtoto wa miaka kumi na miwili, akaokota upanga wa mama yake akaurusha. Ukampata kifuani. Vita ikaishia hapo. Nord wenyewe walishangaa, wakamzika adui yao kwa heshima kama mmoja wao. Kitabu hicho kilikuwepo tangu nyongeza ya Morrowind ya mwaka 2003, miaka minane kabla ya Skyrim, kwa hiyo hata watengenezaji walikuwa wanawabeba Falmer kichwani muda mrefu.

Waliobaki wakakimbilia kwa ndugu zao wa chini ya ardhi, Dwemer. Ndugu wa babu mmoja kabisa. Dwemer wakasema sawa, tutawaficha, lakini kwa sharti: mtakula uyoga wenye sumu, mtapofuka. Kuna waliokataa na wakapotea. Kuna waliokula.

Mkataba huo upo. Mjini Markarth, kwa mtaalamu anayeitwa Calcelmo, kuna jiwe kubwa la ukutani lenye maandishi yale yale kwa lugha mbili, ya Falmer na ya Ayleid. Ukiwa unafanya kazi za genge la wezi inabidi uingie kwa kificho, uweke karatasi juu ya jiwe na kusugua mkaa ili kunakili. Unasugua huku walinzi wanakuja, moyo unadunda, unakimbia, na uwezekano ni mkubwa kwamba hutasoma kabisa ulichokinakili. Ni hati ya watu kukubali kupofuliwa, na wewe unaihitaji ili tu kusoma shajara ya mwizi mwenzako. Gemu hili lina vitu vya namna hiyo.

Baada ya hapo wakageuzwa watumwa. Vizazi vikapita gizani. Wakaasi, wakapigana na mabwana zao chini kwa chini miaka mingi, juu ya ardhi hakuna aliyejua kama kuna vita. Kisha siku moja, mwaka 700 wa Enzi ya Kwanza, Dwemer wote wakatoweka. Wote, kwa pigo moja, baada ya mkuu wao wa ufundi, Kagrenac, kuutumia moyo wa mungu aliyekufa kwa namna ambayo mpaka leo wachezaji wanabishana. Falmer wakaachwa peke yao na mashine zinazojiendesha, mabomba ya mvuke na giza. Skyrim yenyewe inatokea mwaka 201 wa Enzi ya Nne. Hesabu mwenyewe vizazi hivyo.

Sasa, jamaa alikuwa anayajua haya yote. Angeweza kufanyia mtihani. Na bado kila akisikia ile pumzi anavuta upinde. Hakuna anayeweza kumlaumu, maana ndivyo gemu lilivyotaka: Falmer akikusikia anakushambulia, hana neno lolote la kukwambia.

Nyumbani kwao runinga ni moja, iko sebuleni. Bi mkubwa wake haoni. Haoni kabisa, zaidi ya kujua kama taa imewaka au imezimwa. Alikuwa fundi cherehani, na kilichomchukua macho ni presha ya macho, ambayo hospitali wanaiita glakoma. Ugonjwa huu hauna makelele. Mara nyingi hauumi, hauwashi, unaanza kula pembeni na kuacha katikati. Ndiyo maana mama yule aliendelea kutunga uzi kwenye sindano bila shida wakati mtoto akipita ubavuni hamwoni. Akawa anagonga meza. Akawa anamwaga vikombe. Watu wakasema uzee, wengine wakasema ameanza kuwa mzembe. Siku bodaboda ilipomkosa kidogo barabarani ndipo akapelekwa, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Matone yalichelewesha tu.

Kwa hiyo jioni anasikiliza tamthilia zake zilizotafsiriwa, anawajua waigizaji wote kwa sauti, anajua nani anamsaliti nani kabla hata wanaoona hawajajua. Zikiisha anasema, "Haya baba, chukua runinga yako." Jamaa anawasha PS3 na sabufa, kwa sauti ya chini. Kwa muda mrefu mama alikuwa anakwenda kulala. Kisha akaanza kubaki. Usingizi ulikuwa haumjii, na mwanawe ndiye mtu pekee aliye macho.

Usiku huo jamaa alikuwa Blackreach. Wanaojua wanajua: pango kubwa kama mji, chini kabisa, uyoga mrefu kama minazi unawaka rangi ya buluu. Ni sehemu nzuri kuliko nyingi za juu ya ardhi. Sabufa ikaanza ile pumzi.

"Nani huyo anapumua vibaya?" mama akauliza.

"Falmer, mama. Adui tu."

"Anaumwa?"

"Hapana. Ndivyo walivyo. Hawaoni, kwa hiyo wananusa na kusikiliza."

Mshale ukatoka. Mlio, kisha kimya. Mama hakusema kitu kwa kitambo. Akaja kuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kuuliza kama maji yamekatika:

"Huyo kipofu alikuwa amekosa nini?"

Jamaa akajibu kile ambacho mtu yeyote angejibu, kwamba ni gemu tu. "Najua ni gemu," mama akasema. "Si nimeuliza tu? Kama hutaki kusema basi."

Ikabidi aseme. Akasitisha gemu, akamweleza kuanzia mwanzo: Aldmer, kutawanyika, Saarthal, Ysgramor, mtoto aliyerusha upanga, mpaka kule kwa Dwemer. Alikuwa amezoea kuyaandika kwa vidole, kuyasema kwa mdomo kwa Kiswahili mbele ya mama yake ilikuwa kitu kingine. Mama alisikiliza kama anavyosikiliza tamthilia, mkono shavuni. Alipofika kwenye uyoga akamkatisha.

"Walikuwa wageni wao?"

"Wageni, ndiyo. Na ndugu pia. Babu mmoja."

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hilo nalijua. Lakini hao hata jembe hawakuwapa kwanza. Wamewapokelea mlangoni na sumu."

Akauliza kama waliambiwa ile ni sumu ya macho au walidanganywa. Jamaa akasema jiwe linaonyesha walijua. Mama akasema mtu mwenye watoto mgongoni na adui nyuma yake anaweza kula chochote, hilo halimshangazi. Kinachomshangaza ni wale wa ndani. Kama una mlango, una chakula na una kuta, unataka macho ya mwenzako ya nini?

Swali zuri, na gemu halina jibu moja. Wapo wanaosema Dwemer walitaka watumwa ambao hawawezi kutoroka. Falmer yule wa mwishoni naye anasema sumu peke yake isingetosha kuwafanya watu wake vile walivyo, na hajui ni nini kingine walifanyiwa humo chini.

Jamaa akaendelea na gemu maana hakujua aseme nini zaidi. Akamkuta Falmer mwingine, akampiga, na safari hii sabufa ikatoa ule mvumo wa roho kuingia kwenye jiwe. Mama akauliza hiyo nini. Hapa ndipo jamaa anasema alitamani sabufa ingekuwa imezimwa. Katika dunia ile unaweza kuinasa roho ya kiumbe unachokiua ukaihifadhi kwenye jiwe, ukaitumia kutia nguvu silaha zako. Roho za watu, iwe Nord au Altmer au Mer mwingine, zinahitaji jiwe jeusi. Za wanyama zinaingia kwenye mawe ya kawaida.

"Na za hao vipofu?"

"Za kawaida."

"Yaani za wanyama."

"Ndiyo, mama."

Mama akacheka kidogo, si kicheko cha furaha. Akasema siku ile walipokwenda kununua viatu vya harusi ya dada yake, muuzaji alimuuliza mwanawe, "Mama anavaa saizi gani?" Yeye amesimama pale pale, miguu yake mwenyewe, masikio mazima. Na jamaa akajibu. Akataja saizi. Hakusema "muulize mwenyewe." Mama hakuwa amelitaja jambo hilo tangu siku ile, na mwanawe alikuwa amelisahau kabisa, kama lilikuwahi kumkaa kichwani.

"Sikukasirika," akasema. "Nilishangaa tu jinsi mtu anavyotoka kwenye hesabu haraka."

Ukiwauliza wachezaji wa Skyrim, wengi watakwambia habari za roho nyeupe za Falmer wanazijua. Ni kitu cha kubishana: ni uzembe wa watengenezaji, au ni makusudi, kuonyesha jinsi watu wale walivyoshushwa mpaka kwenye roho zenyewe? Kuna mabishano marefu sana juu ya hilo na mengine ni ya watu wenye akili kabisa. Lakini ni nadra kwenye mabishano hayo kukuta mtu asiyeona akiulizwa.

Wiki zilizofuata mama na mwana wakawa wanacheza pamoja, kama hilo neno linafaa. Jamaa hakuacha kuwaua Falmer, maana gemu halikupi njia ya kuongea nao. Ila alianza kunyata. Kwa kuwa wanakutafuta kwa masikio, ukivaa viatu laini na kutembea umechuchumaa unaweza kupita karibu yao usiwagusie. Mama akawa mzuri kuliko yeye kwenye hili. Alisikia kwenye sabufa ni wangapi na wako upande gani kabla jamaa hajawaona. "Wawili. Mmoja kulia, anazunguka. Subiri aende." Pango ambalo jamaa alizoea kulimaliza kwa dakika kumi na maiti kumi na tano likawa linachukua saa nzima.

Kisha wakafika kwa Gelebor.

Huyu yuko kwenye nyongeza ya Dawnguard ya mwaka 2012. Unaingia pango la Darkfall ukitafuta upinde wa Auri-El, na mwisho wa giza lote lile unamkuta mtu amesimama wima, mweupe, sauti tulivu, anakukaribisha. Ni Falmer wa kale, mzima, anaona. Kitu cha kwanza anachokusahihisha ni jina. Yeye anapenda kuitwa Mer wa Theluji, kwa sababu neno Falmer limeshageuka la kutisha watu. Na wale wa mapangoni hawaiti wanyama. Anawaita Waliosalitiwa.

"Rudia," mama akasema. Jamaa akamrudisha mazungumzo yale tangu mwanzo, akatafsiri tena neno kwa neno. Mama akasema huyu ana adabu.

Kilichofuata hakukipenda. Gelebor ana kaka yake, Vyrthur, mkuu wa hekalu, na anakuomba ukamuue, akiamini Waliosalitiwa wamemharibu. Kumbe si wao. Vyrthur alikuwa ameambukizwa na mmoja wa wanafunzi wake akawa mnyonya damu, akamlaumu mungu wake kwa kumtelekeza, akapanga kisasi. Kwa hiyo waliolaumiwa muda wote ni wale wasioweza kujitetea. Mama alisema hilo hata kabla halijafichuliwa, kwa uzoefu wa tamthilia: "Hao vipofu wamesingiziwa. Subiri uone."

Kwenye bonde lile la hekalu kuna vitabu vilivyoandikwa kwa lugha ya Falmer ambavyo huwezi kuvisoma. Lazima uvibebe mpaka Markarth, Calcelmo akutafsirie. Mama alimlazimisha mwanawe avitafute vyote. Jamaa anasema alikuwa amemaliza gemu hilo mara tatu na hakuwahi kujisumbua navyo.

Ni katika usiku mmojawapo wa hizo ndipo mama alipouliza kile alichokuwa anakizunguka, labda tangu usiku wa kwanza.

"Wale wa mwanzo walikula uyoga. Hawa wa sasa nao wanapewa?"

"Hapana. Hawa wamezaliwa hivyo."

"Kwa hiyo aliyekula ni babu, asiyeona ni mjukuu."

"Ndiyo."

"Haya. Wewe umeshapima?"

Daktari aliyemtibu mama alisema wazi: presha ya macho inatembea kwenye damu. Si lazima mtoto aipate, ila mtoto wa mgonjwa yuko kwenye hatari kubwa kuliko mtu mwingine, na asisubiri dalili maana dalili zikija macho yameshakwenda. Watoto wote wapime. Hiyo ilikuwa miaka minne nyuma. Jamaa ni mhariri wa video, za harusi na send-off, anakaa mbele ya kompyuta kutwa nzima, na macho ndiyo yanayomlisha yeye, mama, na kodi ya nyumba. Kila mtu angedhani mtu wa namna hiyo angekuwa wa kwanza kupima. Ni kinyume chake. Alisema atakwenda kazi zikipungua. Kazi hazikupungua, na zilipopungua akasema hana hela. Alikuwa anajua kusimulia jinsi ukoo mzima wa Mer ulivyopofuka, kwa miaka na majina, na hajawahi kuweka kidevu chake kwenye mashine.

Mama hakumgombeza. Alisema tu kwamba hataki tena kusikia habari za Gelebor mpaka amekwenda, na akaenda kulala saa mbili na nusu usiku. Akafanya hivyo siku tisa. Mwana anacheza peke yake, Falmer wanapumua, hakuna wa kumwambia wako wangapi.

Siku ya kumi akaenda.

Wanaodhani ni kusoma tu zile herufi za ukutani, hapana. Unawekewa dawa, unapimwa presha ya jicho lenyewe, wanaangalia nyuma ya jicho palipo na mshipa. Halafu kuna kipimo kimoja ambacho jamaa alitaka kucheka: unafunikwa jicho moja, unaweka kichwa ndani ya kitu kama bakuli jeupe, unakodolea nukta katikati, unapewa kitufe mkononi. Vitaa vidogo vinawaka huku na huku, ukiona unabonyeza. Gemu kabisa. Alijua ataliweza, miaka yote hiyo ya kushika pedi. Jicho la kulia likaenda vizuri. La kushoto pia aliona amefanya vizuri, hakukosa hata kimoja.

Matokeo yakaonyesha kwamba upande wa juu, karibu na pua, vitaa kadhaa viliwaka na hakubonyeza. Hakuviona. Wala hakujua kwamba hakuviona.

Presha ilikuwa juu kwenye macho yote mawili. Kilichoharibika ni kidogo na hakirudi, kilichobaki kinaweza kulindwa miaka mingi kama atakuwa mwaminifu kwa dawa. Tone moja kila jicho, kila usiku, maisha yote, na kurudi kupimwa kila atakapoambiwa. Daktari akamwambia amewahi. Mama yake hakuwahi kuambiwa neno hilo.

Nyumbani mama aliuliza jambo moja tu, kama dawa zinachoma. Jamaa akasema kidogo. Mama akasema zake pia zilikuwa zinachoma, ila unazoea. Akakaa kwenye kochi lake, akasema sasa anaweza kuendelea, walikuwa wamefikia wapi?

Walikuwa wamefikia mwisho. Vyrthur amekufa, upinde umepatikana, Gelebor amebaki peke yake kwenye hekalu tupu. Mama akataka aulizwe kila kitu kinachoulizika. Kama yeye ndiye wa mwisho: anasema huenda wapo wengine mahali fulani, ila hajawahi kusikia. Na Waliosalitiwa je, watabaki hivyo? Gelebor anasema kwa karne zote hizo ameona akili zao zinapanda taratibu. Mtu akipata namna ya kuongea nao, huenda siku moja wakakumbuka walikuwa nani.

"Na wewe huwezi kuongea nao?" mama akamuuliza mwanawe.

"Gemu haliruhusu."

"Basi waliolitengeneza wametengeneza vibaya."

Saa tatu kamili simu ya jamaa ikalia, kengele aliyoiweka kwa ajili ya matone. Akasitisha gemu, akainua kichwa nyuma ya kochi, akaweka. Akakaa amefumba macho dakika chache kama alivyoelekezwa, wote wawili kimya, sabufa inapiga ule muziki wa theluji.

Dada yake bado hajapima. Ana watoto wawili. Kila akipigiwa simu anasema mwisho wa mwezi.